Kisiwa cha Man: wenye kushika bendera kando ya barabara, bila mshahara

Kutoka Beni hadi Butembo ni kilometa 54 hivi. Mwenye gari nzuri, mvua isiponyesha, anahesabu saa nzima na zaidi, na kila motari anayejua njia hiyo anajua pia mashimo yake moja moja. Sasa fikiria barabara ndefu kuliko hiyo, kilometa 60,7, inayopita katikati ya vijiji, mbele ya milango ya nyumba, kandokando ya kuta za mawe, kisha inapanda mlima na kushuka upande wa pili. Mtu anaimaliza yote juu ya pikipiki kwa dakika 16 na sekunde 36. Ni rekodi ya Mwingereza Peter Hickman, ya mwaka 2023. Inafanya kilometa 219 kwa saa, na hiyo ni wastani wa mzunguko mzima, pamoja na kona zake zaidi ya mia mbili. Mahali barabara inaponyooka, mwendo unapita kilometa 300.

Lakini leo hatutaongea sana juu ya Hickman. Tutaongea juu ya mtu ambaye Hickman anampita kwa nusu sekunde bila kumwona uso. Amesimama nyuma ya ukuta, amevaa gileti ya rangi ya machungwa, ana bendera mkononi na filimbi shingoni. Amefika tangu asubuhi. Hakuna anayemlipa. Na asipofika, yeye na wenzake, mashindano hayafanyiki.

Kwa Kiingereza wanamwita marshal. Hapa kwetu neno marshali linamkumbusha mtu mmoja tu, mwenye kofia ya chui na fimbo mkononi, na ndiyo maana wasomaji wengine watacheka wakisikia kwamba huko Man mtoto wa miaka 16 anaweza kuwa marshali. Hiki si cheo cha jeshi. Ni msimamizi wa usalama, raia wa kawaida: mwalimu, fundi umeme, muuguzi, mkulima, mzee aliyekwisha kustaafu.

Kisiwa chenyewe kiko katika bahari kati ya Uingereza na Ireland. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 572, zaidi ya mara moja na nusu ya Idjwi yetu, lakini wakaaji wake ni wachache sana kuliko wa Idjwi: hesabu ya mwaka 2021 ilipata watu 84.000 hivi. Si sehemu ya Uingereza, ingawa kiko chini ya mfalme mmoja nayo. Kina bunge lake, Tynwald, na ni bunge hilo lililoleta mambo haya yote. Mwaka 1903 sheria ya Uingereza iliweka mwisho wa mwendo wa magari kuwa kilometa 32 kwa saa, na barabara ya watu wote haikuruhusiwa kufungwa kwa ajili ya mashindano. Wenye magari wakatazama kisiwani. Mwaka 1904 Tynwald ikapitisha sheria ya kuruhusu barabara zifungwe. Mwaka 1907 zikaja pikipiki, na mashindano yakapewa jina la Tourist Trophy, ambalo watu wanafupisha kuwa TT. Tangu 1911 wanapita njia ya mlimani, ile ya kilometa 60,7, na mwaka huohuo mkimbiaji wa kwanza, Victor Surridge, akafa juu yake wakati wa mazoezi.

Tangu wakati ule, ukihesabu TT na mashindano mengine yanayofanyika kwenye njia hiyohiyo, wamekufa watu zaidi ya 260. Ni vizuri msomaji aijue namba hiyo mapema, maana bila hiyo hataelewa kwa nini mtu wa bendera ana uzito namna hii.

Gari la samaki

Kuna kona karibu na kijiji cha Kirk Michael inayoitwa Birkin's Bend. Archie Birkin alikuwa kijana mkimbiaji. Mwezi wa Juni 1927 alikuwa anafanya mazoezi asubuhi. Wakati huo barabara ilifungwa siku ya mashindano tu. Siku za mazoezi ilibaki wazi kwa kila mtu. Birkin akafika kwenye kona kwa mwendo wa mashindano, na mbele yake kukatokea gari lililobeba samaki. Akajaribu kulikwepa, akafa palepale.

Dereva wa samaki hakuwa na kosa, alikuwa kazini. Birkin naye alikuwa anafanya alichoruhusiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kabla ya kona ile na kusema: hapa hakuna kupita. Tangu mwaka uliofuata, 1928, barabara inafungwa pia siku za mazoezi.

Kufunga barabara ya kilometa 60 si kuweka kamba mwanzoni na nyingine mwishoni. Kila njia ya shamba inayoingia barabarani, kila geti la nyumba, kila mlango wa kanisa ni mahali ambapo mtoto, mbwa au bibi mwenye kikapu anaweza kutokea. Ndiyo maana wanahitaji watu zaidi ya 500 kila mara barabara inapofungwa, wakiwa wamegawanywa katika sekta 12, kila sekta na mkubwa wake na kila kona na kiongozi wake. Idadi isipotimia, wanatoa tangazo kwenye redio na kwenye simu: kona fulani bado inataka watu, nani anaweza kuja? Kukiwa na pengo, saa ya kuanza inasogezwa. Mabingwa wenye pikipiki za bei ya nyumba wanakaa kwenye hema wanamsubiri fundi wa mabomba amalize kazi yake ya mchana aje kushika bendera.

Sheria ya kisiwa inampa marshali nguvu za polisi kwa muda ambao barabara imefungwa. Akikwambia shuka ukutani, unashuka. Ukikataa, umevunja sheria. Wengi wanatumia nguvu hiyo kwa heshima, kwa maana aliyekaa ukutani mara nyingi ni jirani yao.

Sekunde kumi

Wanaojua mbio za uwanjani wanafikiri wakimbiaji wote wanaondoka pamoja. Kwenye TT wanaachiwa mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 10. Maana yake ni kwamba marshali hana wakati wa kupumua. Pikipiki zinapita moja, moja, moja, na mmoja akianguka kwenye kona isiyoonekana mbele, anayemfuata anaweza kuwa nyuma yake sekunde chache tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo marshali mpya anafundishwa linaenda kinyume cha moyo wa binadamu. Ukiona mtu ameanguka, usikimbilie kwake. Kwanza bendera. Ya njano, ipeperushwe kwa nguvu, kabla ya kona, mahali ambapo anayekuja ataiona akiwa bado na nafasi ya kushika breki. Kisha mwenye redio ya mkononi (ile ambayo wengi hapa huita motorola) anaita kituo kikuu kilichoko Douglas, mji mkuu, na kusema mahali, namba ya mkimbiaji, na kama anatikisika au la. Ni hapo tu wengine wanaingia barabarani, uso ukitazama upande pikipiki zinakotokea. Kumpa mgongo mkimbiaji anayekuja ni kosa ambalo linasemwa tena na tena katika mafunzo yao.

Halafu kazi inagawanywa bila kelele. Mmoja anakaa na majeruhi, anaongea naye. Wawili wanaondoa pikipiki. Mwingine anaokota vipande, hata kipande kidogo kama kifuniko cha chupa, maana kwa mwendo wa kilometa 250 kipande hicho kinaweza kumwangusha wa pili. Mafuta yakimwagika, wanamwaga unga wa kuyanyonya, wanafagia, wanamwaga tena. Wakati huo bendera nyingine inaonyeshwa, ya njano yenye mistari myekundu: barabara inateleza.

Bendera nyekundu ndiyo ya kusimamisha kila kitu, na marshali haiinui kwa kutaka kwake. Amri inatoka kituo kikuu. Miaka ya karibuni wameongeza taa nyekundu za umeme mahali kadhaa, lakini mtu na kitambaa chake hawajaondolewa.

Siku nyingi lakini hakuna kinachotokea. Watu hawasemi sana juu ya hilo. Marshali anaamka mapema, anaandika jina lake, anasikiliza maagizo, anafagia changarawe kwenye kona, anamwomba mtazamaji asikae kwenye geti, anakula mkate wake kwenye karatasi, anasubiri. Mvua inakuja. Ukungu unashuka kutoka Snaefell, mlima wa mita 621, ambao mtu wa Goma au wa Bukavu angeuita kilima tu. Wenyeji wanasema huo ukungu ni vazi la Manannan, mungu wa bahari wa hadithi zao, anayekifunika kisiwa chake asionekane na maadui. Ukungu ukikaa, helikopta ya madaktari haiwezi kuruka, na helikopta isiporuka, hakuna mashindano. Wote wanaambiwa warudi nyumbani. Wamesimama saa tano kwenye baridi, hawakuona hata pikipiki moja, na kesho watakuja tena.

Pale mambo yalipoharibika

Isidhaniwe kwamba aliye nyuma ya ukuta yuko salama. Mwaka 2005, katika kijiji kilekile cha Kirk Michael, mkimbiaji Gus Scott aligongana na marshali mmoja, mwanamke wa kujitolea. Wote wawili walikufa. Mwaka 2007 pikipiki ilitoka barabarani mlimani. Akafa mkimbiaji na watazamaji wawili, na marshali wawili wakaumia.

Tena kuna makosa ambayo hayatokani na mwendo wa mkimbiaji. Mwaka 2018, baada ya ajali iliyomuua Dan Kneen, kijana wa kisiwani, bendera nyekundu iliinuliwa na wakimbiaji waliokuwa mbele wakageuzwa warudi walikotoka. Gari la waandalizi lilikuwa linakuja haraka upande wa pili, kuelekea kwenye ajali. Likakutana na Steve Mercer. Aliponea chupuchupu, akiwa amevunjika sehemu nyingi za mwili. Barabara ilikuwa imefungwa, mashindano yalikuwa yamesimamishwa, na bado magurudumu mawili na manne yalikutana uso kwa uso. Kituo kinachojua gari liko wapi na kona inayojua mtu yuko wapi visipoongea kwa wakati, bendera peke yake haitoshi.

La 2022 linauma zaidi, hasa kwa sisi tunaosoma habari za Kifaransa. Wafaransa wawili, César Chanal na Olivier Lavorel, walikuwa wanakimbia pamoja kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, mmoja akiendesha na mwingine akiwa kando. Wakapata ajali kwenye mzunguko wa kwanza. Ikatangazwa kwamba Lavorel amekufa na Chanal yuko hospitalini katika hali mbaya. Siku chache baadaye ikabidi tangazo lisahihishwe: aliyekufa alikuwa Chanal, na aliyelala hospitalini ni Lavorel. Familia moja ilikuwa imelia mtu aliye hai, nyingine ilikuwa inamwombea mtu aliyekwisha kufa. Lavorel naye alifariki mwezi wa Oktoba mwaka huohuo.

Mwaka ule walikufa sita kwa jumla, pamoja na baba na mwana waliokuwa juu ya chombo kimoja. Walioinama juu yao kwanza, kabla ya daktari, walikuwa ni hawa wa gileti. Jumatatu walirudi ofisini, gereji, darasani.

Daktari juu ya pikipiki

Tangu 1935 kuna aina nyingine ya marshali, wale wanaozunguka juu ya pikipiki. Wao ni waendeshaji wazuri sana, wengine walikuwa wakimbiaji zamani. Wanakaa sehemu mbalimbali za njia, na ajali ikitokea wanaruka juu ya pikipiki zao na kufika kabla ya ambulansi, ambayo ingechelewa kwenye kona. Helikopta ilianza kazi mwaka 1963. Wa kwanza kubebwa nayo alikuwa mkimbiaji Tony Godfrey. Siku hizi kutoka mlimani hadi Hospitali ya Noble's, Douglas, ni dakika chache.

Upande wa Ireland, ambako pia wanakimbia katika barabara za vijiji, jina linalotajwa kwa sauti ya chini ni la Dokta John Hinds. Kwa siku za kazi alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya Craigavon. Mwisho wa juma alivaa ngozi na kaske, akabeba dawa na vyombo vyake mgongoni, akawafuata wakimbiaji kwa pikipiki katika mzunguko wa kwanza, ule ambao watu huanguka sana. Alikuwa akifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kwa miaka alisema kwamba Ireland ya Kaskazini inakosa helikopta ya wagonjwa, na kwamba watu wanakufa kwa kukosa hiyo. Mwezi wa Julai 2015, akiwa kwenye mazoezi ya mbio za Skerries, alipata ajali yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 35. Mchumba wake na marafiki waliendeleza mapigano hayo mpaka serikali ikakubali, na mwaka 2017 helikopta ikaanza kuruka. Leo inabeba wakulima waliopondwa na trakta na watoto waliogongwa na magari, na wengi wao hawajawahi kuona mbio za pikipiki hata siku moja.

Kwa nini, basi?

Kuna wanaosema mashindano haya yangefungwa zamani. Giacomo Agostini, bingwa mkubwa wa Italia, aliyakataa mwaka 1972 baada ya kifo cha rafiki yake Gilberto Parlotti, na baada ya 1976 TT haikuhesabiwa tena katika ubingwa wa dunia. Sidhani kwamba Agostini alikosea. Lakini sidhani pia kwamba ni kazi yangu kumwambia Michael Dunlop afanye nini: ameshinda mara 33 kwenye kisiwa hicho, kuliko mtu yeyote, baada ya kumzika baba yake Robert, kaka yake William na baba yake mkubwa Joey, wote watatu waliokufa juu ya pikipiki za mashindano. Mtu huyo anajua bei.

Marshali hana hayo ya ubingwa. Hapandi jukwaani, jina lake halitangazwi. Wengi wanatoka nje ya kisiwa. Wanavuka bahari kwa meli, wanalipa tiketi wenyewe, wanalala kwenye hema, wanatumia likizo yao ya mwaka mzima kusimama kwenye kona moja. Kuna familia ambazo kona fulani imekuwa kama yao, baba alisimama pale na leo binti anasimama pale. Ukitafuta sababu, wengi wanaanza na lile la wazi: wanapenda pikipiki, na hakuna mahali utaziona kwa karibu kuliko hapo. Lakini anayependa tu angekaa ukutani na pombe yake. Huyu amekubali kwamba siku kitu kikitokea, yeye hatakuwa mtazamaji.

Nakumbuka ajali moja niliyoiona kwenye barabara ya huku kwetu, motari na abiria wake. Watu walifika wengi, kwa dakika moja tulikuwa labda hamsini. Wote walitaka kusaidia, hilo siwezi kulikana. Mmoja alimvuta yule motari kaske kichwani kwa nguvu. Wengine wanne wakamwinua kwa mikono na miguu, sawa na gunia la maharagwe, wakamweka juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili apelekwe hospitalini. Hakuna aliyerudi nyuma mita mia moja kusimamisha magari, na lori moja likashuka kilima likapiga honi na kupita katikati yetu. Sikusimama mbele yake mimi pia. Nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa napiga picha.

Huko Man, mafunzo ya kwanza ya marshali hayachukui hata wiki moja. Bendera kabla ya kona. Usimpe mgongo anayekuja. Usivue kaske mpaka mwenye ujuzi afike, isipokuwa mtu hawezi kupumua. Usimkunje, usimvute, shingo ibaki ilivyo. Mtu mmoja aongee, wengine wasikilize. Hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa, isipokuwa bendera, na hiyo shati lolote linaweza kuwa. Waliokuwa Kigali mwezi wa Septemba 2025, wakati wa ubingwa wa dunia wa baiskeli, waliona mambo hayo karibu na kwetu: mji mzima umefungwa njia zake, na kwenye kila kona kijana amesimama, ametupa mgongo mashindano ili awatazame watu.

Jioni, wakimbiaji wa mwisho wakisha kupita, gari la waandalizi linazunguka njia yote kuonyesha kwamba imekwisha. Marshali anasubiri mpaka limpite. Kabla ya hapo haruhusu mtu kuvuka, hata kama nyumba ya huyo mtu iko ng'ambo na anaona sufuria yake dirishani. Kisha anakunja bendera, anaandika jina lake tena kwamba ameondoka, anavua gileti. Mageti yanafunguliwa. Mwenye duka anatoa kiti nje. Gari la kwanza linapita polepole, labda limebeba samaki, na yeye anajipanga nyuma yake, juu ya barabara ileile, kwenda nyumbani.